Mguu wa Mama Wilkista

Kila jioni, ng'ombe akishakamuliwa na maziwa yakishapelekwa dukani, Mama Wilkista aliketi kwenye kochi lililo karibu na mlango, akapandisha gauni hadi chini kidogo ya goti, akanyoosha mguu wa kushoto juu ya kigoda na kusema, "Haya Emmy, lete huyo mdudu wako."

Mdudu alikuwa kisanduku cheupe cha betri, si kikubwa kuliko redio ya mkononi, chenye nyaya mbili nyembamba, na kwenye ncha ya kila waya kibandiko kinachonata. Emmy alipangusa kifundo cha mguu cha mama yake kwa kitambaa chenye maji, akabandika kimoja nyuma ya mfupa wa ndani na kingine juu yake, upana wa kiganja, kisha akazungusha kitufe taratibu kama mtu anayetafuta stesheni. Mama alifumba macho, akasikiliza kwa mguu. Kidole gumba kilipoanza kucheza chenyewe, kikiinama na kuinuka, alisema, "Amefika. Muache hapo." Basi kwa nusu saa hivi wakakaa, mdudu akitembea ndani ya mguu, na habari za zamani zikitoka zenyewe.

Emmy aliipenda nusu saa hiyo kuliko alivyothubutu kusema. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu na sasa alikuwa nyumbani akingoja kuajiriwa, msichana wa haya, asiyejua kupiga soga barabarani. Mbele ya mguu ule alimpata tena mama wa utotoni: yule aliyekuwa akienda Lwakhakha mpakani na kurudi siku hiyo hiyo na mzigo wa vitenge kichwani, ambaye kicheko chake kilisikika kabla mwenyewe hajaonekana kwenye kona ya kituo cha mafunzo ya kilimo cha Mabanga. Emmy na dada yake Wilkista walikuwa wakimkimbilia, kila mmoja akitaka kupokea mzigo, naye akiwafokea kwa furaha, "Msinivute gauni nyinyi, nitaanguka na mali ya watu!" Mama huyo aliweza kutembea kutwa nzima bila kuuliza chochote njiani. Huyu wa sasa hakutoka nje ya lango kabla ya kujua choo cha huko aendako kiko wapi.

Jioni moja mama alikuwa amefika mahali patamu pa hadithi yake.

"Askari ananiangalia, ananizunguka. Ati, 'Mama, mbona asubuhi ulipita ukiwa mwembamba?' Na mimi nimejifunga vitenge, moja juu ya ingine, mpaka siwezi kuinama. Nikamwambia, afande, chakula ya Uganda iko na nguvu..."

"Hodi!"

Hodi na mlango vilifika pamoja. Mvua ilikuwa imeanza ghafla, ile mvua ya Bungoma isiyotuma salamu, na mtu aliyekuwa ameinama chini ya gunia la viazi aliingia akiikimbia. Alikuwa Kiragu, mume wa Wilkista, ambaye anaishi na mkewe Kitale na ana duka la mbegu na mbolea pale Kiminini.

Kwa Wabukusu mkwe wa kiume haingii hivi hivi alipo mama mkwe. Husimama mbali, hukohoa, hutuma mtu. Kiragu aliyajua hayo. Wazee walikuwa wamemweleza siku ya mahari, naye kwa miaka yote alikuwa ameyashika vizuri kwa mtu aliyezaliwa na wazazi waliotoka Nyeri. Lakini mvua ilimkuta katikati ya uwanja, na viazi vilikuwa vya mbegu. Aliinua macho, akaona mama mkwe wake ameegemea kochi macho yamefungwa, nyaya zimeingia mguuni, na kidole kinarukaruka peke yake.

"Stima!" akapiga kelele. "Emmy, usimguse! Usimguse!"

Gunia likaanguka, viazi vikatawanyika hadi chini ya kabati. Kabla Emmy hajafungua mdomo, Kiragu alikuwa amenyakua ufagio na kuzipiga nyaya kwa mpini, kisha, alipoona hazitoki, akapiga magoti, akaukamata mguu wa mama mkwe wake kwa mikono miwili na kuvibandua vibandiko kama mtu anayemtoa nyoka.

Halafu Kiragu aliona alichokishika. Akauachilia mguu polepole, akaurudisha juu ya kigoda kama kitu cha kioo.

Mama alivuta kitambaa cha meza na vikombe vyake, akajifunika. Hakumtazama mkwe wake.

"Emmy," alisema, "mwambie huyu mtu atoke."

"Emmy," Kiragu akajibu, naye akitazama ukuta, "mwambie mami kuna mvua."

"Mwambie jikoni hakunyeshi."

"Mwambie nimesikia. Mwambie pia pole. Nilidhani anakufa."

Lakini alibaki mlangoni, akiokota viazi kimoja kimoja kwa aibu, akidhani anasaidia. Na mvua ilikuwa ikimiminika juu ya mabati. Emmy alimwona mama yake akikaza midomo, akibana magoti, akitazama mlango ambao mkwe wake ameuziba. Alijua.

"Shemeji, acha hivyo viazi! Twende jikoni, nakuja na chai. Twende!"

Alimsukuma karibu kwa nguvu. Aliporudi, mama yake alikuwa bado amekaa palepale, uso umeelekea dirishani. Hakukuwa tena na haraka ya kwenda popote.

"Ulete maji kwa karai," mama alisema kwa sauti ndogo. "Na hiyo foronya ya kochi uivue."

*

Jikoni, Kiragu alishika kikombe cha chai bila kunywa. Alikuwa amekuja na ujumbe, na ujumbe wenyewe ulikuwa mzito kuliko gunia.

"Mtoto anabatizwa Jumapili ijayo," alisema. "Wilkista amesema nije niseme mimi mwenyewe, kwa vile akija yeye atalia. Kama mami hatakuja, hilo jina linatolewa. Mtoto ataitwa Beth."

Emmy aliweka birika chini.

"Unajua kwetu Wakikuyu msichana wa pili anachukua jina ya mama wa mama," Kiragu aliendelea. "Wa kwanza ni Nyaruai, mama yangu. Huyu ni Phelista, mama yako. Hiyo si jina tu, shemeji. Ni kama kumwambia mtu: wewe ndiye huyu. Sasa mtoto anatambaa, na mwenye jina hajawahi kumwona hata mara moja. Mama yangu anauliza. Majirani wanauliza. Na nyinyi mlionekana Kitale, pale hospitali. Mlipita mkaenda. Wilkista alikaa siku nzima hasemi."

Emmy alijua watu wa Mabanga wanasemaje. Wengine walisema ni jina lenyewe: kwa Wabukusu mtoto hurithi jina la aliyekwisha kufa, na kumpa mtoto jina la mtu anayepumua ni kama kumwonyesha njia ya kaburini. Wengine walisema ni mambo ya mapigano ya kikabila ya mwaka uliopita, baada ya uchaguzi, wakati familia ya Kiragu ilipolala nje na magodoro yao na kila mtu akaanza kumtazama jirani yake kwa jicho jingine. Mama Wilkista alisikia yote mawili na hakukanusha hata moja. Emmy alikuwa amegundua kwamba mama yake alijificha nyuma ya maneno hayo kama mtu anayejikinga mvua chini ya mti wa jirani asiyempenda.

Ukweli ulikuwa mdogo, na wa aibu. Kibofu cha mama kilikuwa hakingoji. Haja ilimjia ghafla, bila onyo, kana kwamba mtu ameipigia kengele, na mara nyingine ilimtangulia. Ilianza baada ya baba yao, Wanyonyi, kufariki. Kwanza aliacha Lwakhakha. Halafu aliacha kuongoza nyimbo kanisani, akahamia benchi la mwisho. Kisha ikaja ile siku ya kwenda Kitale kutembelea wakwe, yeye amevaa gauni lake la rangi ya samawati, na katikati ya hotuba akasimama, akajifunga leso kiunoni, akaondoka kabla ya chakula. Nyaruai, mama yake Kiragu, aliyekuwa amepika tangu alfajiri, alibaki na sufuria zake na swali lake.

Ni Emmy aliyempeleka hospitalini baada ya kufua mashuka mengi ya alfajiri kimyakimya. Huko Kitale walimkuta Cherop, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke wa maneno machache ambaye hakushtuka wala kucheka. Aliwaambia kuna njia inayojaribiwa, wengine inawasaidia na wengine haiwasaidii. Kuna mshipa wa fahamu unaopita karibu na kifundo cha mguu, na asili yake mgongoni ni pamoja na ule unaoamrisha kibofu. Ukiusisimua huu wa chini kidogo kidogo, kila siku, nyumbani, ule wa juu nao huenda ukatulia.

"Kwa hivyo kibofu inakosa, mguu inachapwa?" mama aliuliza.

"Ni kama hivyo."

"Kama kupiga mtoto wa jirani ndio wako asikie."

Hapo Cherop alicheka. Akawaazima mashine, akamwonya mama apunguze chai ya rangi, neno ambalo lilimuuma kuliko ugonjwa. Alipowasindikiza aliuliza kama nyumbani wanajua. "Mficha maradhi, mama, kilio humuumbua."

"Acha kilio ije," mama alijibu. "Bora isije na harufu."

Na njiani kurudi alimfanya Emmy aape kwamba hatamwambia mtu. Hata Wilkista. Hasa Wilkista.

Ndiyo maana Kiragu alipoweka kikombe chini pale jikoni na kuuliza, "Shemeji, mami anaumwa nini? Zile nyaya ni za nini?" Emmy alikumbuka kiapo. Alitaka kusema. Alitazama viatu vya shemeji yake, vilivyojaa matope ya uwanja wao.

"Miguu," akasema. "Ni mishipa ya miguu."

Kiragu alivuta pumzi ndefu, uso ukamfunguka kama mtu aliyeondolewa mawe. "Kumbe ni miguu! Na hakuna mtu anatuambia! Basi hiyo ni kitu ndogo, bana. Mwambie mami asijali. Miguu tutabeba sisi."

*

Mama alikubali kwenda. Emmy alipomwambia habari ya jina, alikaa muda mrefu akikunja na kukunjua ncha ya leso. "Beth," alisema mwishowe, kama anayeonja kitu. "Beth ni nani?" Tangu hapo hakukosa mdudu hata jioni moja, na chai akaiacha kabisa, akawa anakunywa uji kidogo na kulaumu kila mtu.

Asubuhi ya Jumapili gari dogo lilikuja hadi mlangoni. Safari hii Kiragu alikuwa amejifunza: alisimama mbali, karibu na zizi, mgongo umeelekea nyumba, mpaka mama alipoketi kiti cha nyuma. Walisimama Webuye, wakasimama Kamukuywa, na kila waliposimama Emmy alisema ni yeye anayetaka kujinyoosha. Barabara ilipanda, hewa ikapoa, mashamba ya mahindi yakaanza kuwa mapana. Mama alichungulia dirishani.

"Hapa baba yenu alininunulia mapera," alisema walipopita Kiminini. "Tulikuwa tumetoka kuangalia ng'ombe wa gredi. Nikakula yote nikiwa nimesimama. Siku hizo tumbo ilikuwa tumbo." Akacheka kidogo, na Emmy akatamani safari iwe ndefu zaidi.

Lakini kanisani Kitale, uongo wa Emmy ulikuwa umefika kabla yao.

Walikuwa wametoa kiti cha sofa nyumbani kwa Nyaruai na kukileta kanisani. Kiliwekwa mbele kabisa, pembeni ya mimbari, na mto wa mgongo, na kigoda cha kuwekea miguu. Wazee wa kanisa wawili walimpokea mama mlangoni, mmoja kila kwapa, wakamtembeza kama yai hadi huko mbele, macho yote yakimfuata. Mlango ukabaki nyuma, mbali, na kati ya mama na mlango kulikuwa na kanisa zima.

Nyaruai alikuja mwenyewe kumpangia miguu. Alikuwa mwanamke mnene wa kilemba cheupe, na mkononi alikuwa na kichupa cha dawa ya kuchua. "Muthoni, karibu," alisema kwa adabu, akimwita mkwe kwa Kikikuyu, bila tabasamu. "Hatukujua ni miguu. Siku ile ulipotuacha na chakula, ilikuwa miguu pia?"

Mama aliitazama miguu yake juu ya kigoda. "Asante kwa kiti," alisema.

Wilkista alikaa upande wa pili na mtoto amevikwa nguo nyeupe. Alikuwa amenenepa kidogo tangu harusi, na alikuwa amesuka nywele mtindo ule ule ambao mama alikuwa akimsuka siku za shule, mistari inayorudi nyuma. Alimtazama mama yake mara moja, haraka, kama mtoto anayechungulia kama ameonekana.

Emmy hakusikia mahubiri. Alikuwa akimtazama mama. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, matangazo yakaisha, na mama bado ameketi, mikono imetulia mapajani. Miezi michache nyuma asingemaliza hata sala ya kufungua. Mdudu alikuwa amefanya kazi yake, si kuponya, ila kuifunga kengele ile kwa kitambaa. Emmy alihisi machozi ya shukrani yakimjia. Baada ya hapo ni maji kidogo kichwani mwa mtoto, basi, wameshinda.

Hakufikiria sauti ya yale maji. Wao ni watu wa Kanisa la Marafiki, na kwa Marafiki mtoto habatizwi kwa maji. Emmy hakuwa amewahi kuona beseni kanisani. Wala mama.

Mchungaji aliita familia mbele. "Na yule mwenye jina," alisema kwa furaha, "nyanya yetu kutoka Bungoma, yeye ndiye atamshika mtoto. Akiweza kusimama."

"Anaweza," Kiragu alisema.

Mama alisimama. Wilkista alimsogelea, akamnyooshea mtoto. Mikono ya mama ilipanda, vidole vikaigusa nguo nyeupe. Na papo hapo mzee wa kanisa akainua jagi na kuanza kumimina maji katika beseni, polepole, kutoka juu, kwa heshima, na katika ukimya ule sauti ya maji ilijaa kanisa zima.

Mama aliivuta mikono yake.

Alirudi nyuma hatua moja. Alimtazama Wilkista kwa macho ambayo Emmy peke yake aliyaelewa. Kisha akageuka, akapita kati ya mabenchi, kwanza kwa kutembea, halafu mbio, gauni amelikamata kwa ngumi, mpaka akatoka nje.

"Haki," mtu akanong'ona, "si huyo ndiye anaumwa miguu?"

Mchungaji alikohoa. "Tumngoje?"

Wilkista alikuwa amemkumbatia mtoto kifuani. "Hapana," alisema. "Huyu bado." Akarudi kwenye kiti chake na mtoto mwenye kichwa kikavu. Mchungaji akainama, akamwambia Kiragu kwamba alasiri atapita nyumbani, wawe wamekubaliana jina.

Emmy alimkuta mama yake nyuma ya kanisa, karibu na vyoo, ameegemea ukuta, anahema. Alidhani atamkuta analia, na kweli alikuwa analia, lakini pia alikuwa anacheka.

"Nimefika," alisema. "Emmy, nimefika nikiwa nimekauka. Kutoka kule mbele mpaka hapa. Kama ingekuwa kabla ya mdudu..." Halafu akakumbuka, na kicheko kikazimika. "Mtoto wamembatiza?"

Emmy akatikisa kichwa kukataa.

*

Nyumba ya Wilkista ilikuwa na veranda ya saruji iliyong'arishwa kwa rangi nyekundu. Mama alikataa kuingia ndani. Alikaa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani, kama mgeni anayengoja kuambiwa aende. Nyaruai aliketi mkabala naye. Kiragu alisimama ngazini, hajui aende wapi na mikono yake. Chakula kilinukia ndani, na hakuna aliyekitaja.

Wilkista alitoka na mtoto kiunoni. Hakupaza sauti. Hilo ndilo lililomuumiza Emmy zaidi, kwa sababu dada yake tangu utotoni alikuwa mtu wa kupaza sauti.

"Mama, si ungesema tu. Miaka yote hii si ungesema tu. Kama ni jina, ningeelewa, kwetu jina ni ya waliokufa, mimi najua. Kama ni hii ubatizo ya maji, ningeelewa. Kama ni bwana yangu..." Alimpandisha mtoto kiunoni. "Hata hiyo, mama, ningejaribu. Lakini unadanganya ati miguu, tunakuwekea kiti, tunakubeba, halafu nakupatia mtoto na unakimbia. Mbele ya watu. Ni kama nimekupatia moto."

"Dada." Emmy hakujua sauti yake imetoka wapi. Ilikuwa nyembamba. "Miguu ni mimi nilisema. Mama hakudanganya. Ni mimi. Mama hana shida ya miguu, ana..."

Akakwama. Aliapa. Wote walikuwa wamemgeukia, na uso wake ulikuwa unawaka.

"Emmy, nyamaza, mayi," mama alisema kwa upole, akimwita kwa lile neno la nyumbani ambalo mama humwitia binti yake kana kwamba yeye ndiye mama. "Hiyo si mzigo yako. Umeibeba vya kutosha."

Aliweka mkoba chini. Alimtazama kwanza Nyaruai, kisha Wilkista.

"Sikia, Wilkista. Mimi mkojo hainingojangi. Ikikuja, imekuja. Siku ile tulikuja hapa, nilikojoa kwa kiti ya huyu mama. Nikajifunga leso, nikaenda bila kuonja chakula yake, na alikuwa amepika mpaka kuku. Mama Kiragu, sikuwa na hasira. Nilikuwa nimelowa."

Nyaruai aliufunika mdomo kwa kiganja.

"Zile nyaya Kiragu alikuta ni za hiyo shida. Inasaidia, lakini haijamaliza. Tulipokuja hospitali, nilipita kwa hii gate yako. Nikaona nguo za mtoto kwa kamba. Nikasimama hapo mpaka Emmy akanivuta. Nilitaka kuingia, Wilkista, haki ya Mungu nilitaka, lakini nikasema nikibanwa nitaenda wapi, na mimi siwezi kutumia choo ya mkwe. Watu wakasema ni kabila, nikanyamaza. Wakasema ni jina, nikanyamaza. Ilikuwa rahisi mnione mbaya kuliko mnione nikilowa. Leo sikukataa mtoto. Ile maji ilimwagika, nikajua imekuja, na nikaogopa nitamharibia nguo yake nyeupe mbele ya Mungu."

Wilkista alikuwa ameketi kwenye ngazi bila kujua, mtoto mapajani, machozi yakimtiririka. Alitaka kusema kitu, lakini mama alikuwa ameinua mkono. Alikuwa ameshasimama, magoti yamebanana, na usoni mwake kulikuwa na woga wa kawaida na kitu kingine ambacho Emmy hakuwa amekiona tangu siku za Lwakhakha.

"Nitasikia yote mnataka kuniambia," alisema, "lakini si saa hii, kwa vile imekuja tena." Kisha akamgeukia mkwe wake, akamtazama machoni, na kwa mara ya kwanza akazungumza naye bila kumpitishia Emmy. "Kiragu, baba, choo yako iko wapi? Nionyeshe, haraka. Na mchungaji akifika kabla sijatoka, mwambieni angoje. Huyo mtoto ni wajina wangu, na atashikwa na mimi."